Mtoto wa dago ni raia wa wapi?

Kwetu Pemba ukikutana na mtoto usiyemjua humuulizi anakaa wapi. Unamuuliza, "We mwana wa nani?" Akikutajia baba na usimkumbuke, utauliza mama. Ukishindwa hapo utauliza babu, na mwisho utamjua tu, maana kisiwa chenyewe kinajuana. Tumezoea hivyo mpaka tunaamini na serikali za dunia nzima zinahesabu vivyo hivyo: baba Mpemba, mama Mpemba, basi mtoto ni Mpemba popote alipozaliwa, na Mpemba ni Mtanzania. Yamekwisha.

Kwenye karatasi hayajakwisha. Nina duka la steshenari hapa Wete. Natoa kopi, naskani, natia vyeti laminesheni, na wasioweza kujaza fomu nawajazia. Kwa kazi hiyo vyeti vya watu vinapita mikononi mwangu asubuhi hadi jioni, na nimeona jinsi swali la uraia wa mtoto linavyolazwa miaka kumi na tano, ishirini, mpaka siku mtoto anapotaka kufanya mtihani, kusafiri au kuoa, ndipo nyumba nzima inaanza kukimbia. Wakati huo bibi aliyeshuhudia uzazi ameshafariki, kadi ya kliniki imeliwa na mchwa, na baba amepotelea Maskati, Oman. Nayaandika haya kwa ajili ya watoto wa dago, yaani waliozaliwa kwenye kambi za wavuvi ng'ambo, na kwa sababu mambo mengi ninayoyaona yangekwisha kwa safari moja ya kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa kwetu Zanzibar, na moja ya ofisi ya usajili mtoto akiwa bado ananyonya.

Nchi humpa mtoto uraia kwa njia mbili kubwa. Moja ni ardhi: umezaliwa hapa, wewe ni wa hapa. Nyengine ni damu: mzazi wako ni wetu, na wewe ni wetu. Karibu kila nchi imechanganya hizo mbili kwa kipimo chake. Marekani inasimama zaidi upande wa ardhi tangu marekebisho ya 14 ya katiba yao, mwaka 1868. Amri ya rais ya Januari 2025 iliyotaka kuwanyima watoto wa wahamiaji wasio na vibali ilipelekwa mahakamani mara moja. Oman inasimama upande wa damu, tena damu ya baba. Tanzania ukiisoma sheria yake utaona inatia mguu kote kuwili.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, na inataja aina tatu za raia: wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi, yaani aliyeomba akapewa. Kifungu cha 5 kinasema kila aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano kuanzia siku ya Muungano, tarehe 26 Aprili 1964, ni raia wa kuzaliwa. Wanaotolewa ni wachache mno. Mmoja ni mtoto ambaye wazazi wake wote si raia na baba yake ana kinga ya kibalozi. Mwengine ni mtoto wa adui aliyezaliwa kwenye eneo lililotekwa na adui huyo. Ukikisoma kifungu hicho peke yake utasema hata mtoto wa wageni wawili aliyezaliwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ni Mtanzania. Ofisini hakisomwi hivyo. Ukienda kuomba paspoti utaulizwa cheti chako, kisha utaulizwa cha baba au mama, na asiyeweza kuonyesha mzazi mmoja raia hapiti. Mimi naona sheria ikisema jambo kwa lugha nyepesi namna hiyo ifuatwe kama ilivyoandikwa, au Bunge liibadilishe mchana kweupe, watu wajue. Ila mzazi asisubiri mjadala huo. Ajue tu kwamba kwenye dirisha la ofisi ardhi peke yake haitoshi.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Cheti cha kuzaliwa si cheti cha uraia. Kinathibitisha kwamba fulani kazaliwa siku fulani, mahali fulani, na fulani na fulani. Mtoto wa mgeni akizaliwa hapa naye hupewa. Wapo wanaonijia wamekikumbatia wakisema, "Dada, mtoto ana cheti, sasa wanataka nini tena?" Wanataka kujua waliotajwa humo ndani ni akina nani. Kwa hiyo jina la mzazi lililoandikwa ovyo linaweza kumponza mtoto. Nimeona cheti ambacho baba kaandikwa kwa jina la utani alilozoeleka nalo pwani, na kwenye kitambulisho chake hilo jina halimo hata herufi moja.

Sasa nije kwa walionifanya niandike, watoto wa dago.

Asiye wa pwani aelewe kwamba dago ni kambi ya wavuvi. Wavuvi wa Kojani, kisiwa kidogo hapo mashariki ya Wete, tangu zama za mababu hufuata samaki kwa msimu: Unguja, Tanga, Mafia, na kaskazini mpaka Vanga, Shimoni, Malindi, Lamu. Mtu huondoka na ngalawa au mashua na wenziwe, wakajenga vibanda ufukweni, wakakaa miezi. Wengine walikaa miaka. Walioa hukohuko au waliwachukua wake zao, wakazaa, na wale watoto nao wakazaa. Wapo waliokimbilia huko baada ya Mapinduzi ya 1964, na wapo waliovuka kwenda Shimoni baada ya maandamano na mauaji ya Pemba ya Januari 2001. Bahari yenyewe haina alama inayokuonyesha kwamba hapa ndipo Tanzania inapoishia, na mvuvi anayelala na upepo hana pa kugonga muhuri.

Mzee mmoja wa Kojani alikuja dukani na mjukuu wake, msichana wa skuli, mpole, kashika mfuko wa nailoni. "Mwanangu," akaniambia, "nitengenezee barua. Huyu mtoto hana karatasi yoyote, na mwalimu anazitaka." Ndani ya mfuko mlikuwa na kadi moja tu, ya kliniki, ya Kenya, iliyokunjwa mara nne. Wino wa jina la mama ulikuwa umesambaa kwa maji. Sehemu ya baba palikuwa na jina moja bila la babu. Uzito wa mtoto ndio uliosomeka vizuri kuliko vyote, mwezi baada ya mwezi, nukta moja moja mpaka miezi tisa, kisha hakuna tena.

Nikamuuliza mzee, na yeye akanieleza taratibu. Yeye kazaliwa Kojani, ana kitambulisho. Mwanawe wa kiume alizaliwa Shimoni wakati wa dago. Huyo mwana akaoa Shimoni binti wa Kipemba aliyezaliwa hukohuko, na huyu msichana akazaliwa hapo. Kisha familia ikarudi nyumbani.

Fuata mstari huo kwa sheria. Kifungu cha 6 kinasema aliyezaliwa nje ya nchi ni raia wa kurithi ikiwa baba au mama yake ni raia, ila mzazi huyo asiwe naye ni raia wa kurithi. Mzee ni raia wa kuzaliwa, kwa hiyo mwanawe aliyezaliwa Shimoni ni raia wa kurithi. Huyo mwana hawezi kumrithisha aliyezaliwa nje, wala mkewe, naye kazaliwa hukohuko. Urithi wa Tanzania unavuka bahari mara moja tu. Baba wa msichana ni Mtanzania na babu yake ni Mtanzania, lakini yeye, kwa sheria, kuzaliwa kwake hakukumpa kitu.

Upande wa pili nako hakuna. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 14, inampa uraia wa kuzaliwa mtu ambaye siku aliyozaliwa baba au mama yake alikuwa raia wa Kenya, awe kazaliwa Kenya au nje. Wazazi wa huyu hawakuwa raia wa Kenya. Kuzaliwa katika ardhi ya Kenya hakukumsaidia, kwa sababu Kenya inaangalia damu, na damu yake Kenya inasema ni ya Tanzania. Tanzania nayo inasema damu hiyo ilishavuka mara moja, sasa imekatika. Mtoto kakaa katikati ya sheria mbili, na kila moja ukiisoma peke yake utaiona ina mantiki.

Hali hiyo ilikuwa ya maelfu ya watu, hakuwa msichana huyu peke yake. Wapemba wa Kilifi, Kwale na Lamu waliishi Kenya vizazi viwili, vitatu, bila kitambulisho. Na Kenya ya leo bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo huwezi kupokea pesa kwa simu. Huwezi kupata leseni ya uvuvi. Watu waliozaliwa wavuvi wakawa wanavua kwa kujificha, na chombo kikaandikwa jina la jirani aliyekubali. Mtoto akifika darasa la mtihani anadaiwa cheti cha kuzaliwa, na wengi waliishia hapo. Wengine walijiandikisha kama Wadigo au Wabajuni ili wapate kupita, na ukimtazama mtu wa namna hiyo utaona alilazimika kuificha asili ya babu yake ili mwanawe asome.

Walipigania haki yao miaka mingi, na ilikuja. Januari 2023 serikali ya Kenya iliwatangaza Wapemba kuwa moja ya jamii za Kenya, na Julai mwaka huohuo Rais William Ruto alikwenda Kilifi kuwakabidhi hati. Ni watu zaidi ya 7,000. Kabla yao Wamakonde wa Kwale walikuwa wamepata mwaka 2016, na Washona, wenye asili ya Zimbabwe, wakafuata. Nilifurahi kama nilivyofurahi siku chache maishani mwangu, kwa sababu huko nina watu. Lakini familia ya yule mzee ilikuwa imesharudi Kojani. Zoezi likawapita.

Afrika ilikwisha kuliona tatizo hili zamani. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, Ibara ya 6, unazitaka nchi zihakikishe kwamba mtoto aliyezaliwa katika ardhi yao, ikiwa hakuna nchi nyengine iliyompa uraia alipozaliwa, apate uraia wa hapo alipozaliwa. Kamati inayousimamia mkataba huo iliihukumu Kenya mwaka 2011 juu ya watoto wa Wanubi wa Kenya, wenye asili ya Sudan, kwa hoja za namna hiyo. Tanzania nayo imeuridhia. Ningependa sana kuona maneno hayo yameingia ndani ya sheria yetu ya uraia, kwa sababu nasi tunao watoto wa madago ya wengine: wavuvi na wachuuzi kutoka ng'ambo wanaozaa hapa. Ningependa pia kizazi cha pili kilichozaliwa nje kisikatwe ikiwa bila ya Tanzania hakina pa kushika. Si kuomba makubwa.

Kwa akina mama kuna habari njema ambayo wengi hawajaisikia. Sheria ya zamani, ya 1961, ilimpa baba peke yake uwezo wa kumrithisha uraia mtoto aliyezaliwa nje. Ya 1995 imesema baba au mama. Kwa hiyo binti wa Chake Chake, hapa Pemba, aliyeolewa na Mwomani akazaa Maskati, mtoto wake anapata uraia wa Oman kwa baba na wa Tanzania kwa mama, papo kwa papo. Ukiligeuza hilo, mambo hayako sawa: mwanamke wa Oman aliyezaa na mgeni hawapi wanawe uraia wake kama mwanamume anavyowapa, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria, mfano baba akiwa hajulikani. Nasi tusijisifu sana. Sheria yetu bado inamfungulia mke mgeni wa Mtanzania njia yake mwenyewe ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa, na mume mgeni wa binti wa Kitanzania hana njia hiyo. Dada zetu wanaolalamikia hilo wana haki.

Unguja, kwenye vijiji vya pwani kama Nungwi, Paje na Jambiani, swali linakuja kwa sura nyengine. Kijana wa huko kazaa na mgeni wa Ulaya, au binti kapata mtoto na mgeni aliyekuja kufanya kazi hotelini akaondoka. Ikiwa mtoto kazaliwa hapa na mzazi mmoja ni raia, upande wa Tanzania hauna shida. Shida ni upande wa pili, na hapo wazazi wasipooana kila nchi ina masharti yake juu ya baba. Ujerumani, kwa mfano, inakubali mtoto wa baba Mjerumani aliyezaliwa nje ya ndoa, ila ubaba lazima ukubaliwe au uthibitishwe kisheria, na utaratibu huo uanze kabla mtoto hajatimiza miaka 23.

Hili kwetu ni zito, na najua ninaposema hivi wako watakaonuna. Katika dini yetu mtoto wa nje ya ndoa nasaba yake ni ya mama, na familia nyingi kwa kutaka sitara huliacha wazi jina la baba kwenye cheti, au huandikwa jina la mjomba. Nasaba ina hukumu zake na kadhi ndiye wa kuulizwa. Ila jina la mjomba kwenye sehemu ya baba ni taarifa ya uongo juu ya mtoto, na uongo huo atakutana nao yeye, akiwa mtu mzima, mbele ya ofisa asiyemjua. Mama wa watu akininong'oneza habari hiyo dukani namwambia aende akasajili kwa ukweli anaoujua, hata kama ni jina lake peke yake.

Waliohamia Uingereza wanadhani mtoto akizaliwa London amepata. Zamani ilikuwa hivyo. Tangu tarehe 1 Januari 1983 mtoto anayezaliwa Uingereza anakuwa raia pale tu mzazi mmoja akiwa raia au ana ukaazi wa kudumu. Akikosa, ipo njia ya kuandikishwa akishaishi huko miaka yake 10 ya mwanzo. Huko nako urithi kwa anayezaliwa nje kwa kawaida ni wa kizazi kimoja, kama wetu. Wajukuu wa Wazanzibari waliozagaa duniani ndio watakaoumia: mama kazaliwa Dubai na wazazi wa Malindi, Mjini Unguja, naye kazaa hukohuko Dubai. Bibi yuko Malindi na nyumba yake, kila Idi wanakuja, mtoto anaongea Kiswahili kizuri kuliko watoto wa mtaani, na uraia wa Tanzania haukumfikia.

Kisha iko miaka 18. Mtoto anaruhusiwa kuwa na uraia wa nchi mbili tangu kuzaliwa. Akitimiza miaka 18 sheria ya Tanzania inamtaka aukane ule mwengine na ale kiapo cha utii. Asipofanya hivyo, wa Tanzania unamtoka wenyewe, bila barua. Vijana hawaambiwi. Kijana yuko Toronto au Maskati, anaendelea na maisha, anakuja kusalimia na paspoti ya huko kwa sababu haina usumbufu, akifika miaka 25 anataka kununua kiwanja ndipo anaambiwa wewe ni mgeni. Serikali imekuja na mpango wa hadhi maalum kwa diaspora wenye asili ya Tanzania, na si haba. Kwa mtu aliyezaliwa hapa na kuzikwa kitovu hapa, hadhi maalum bado si uraia. Hoja ya uraia pacha nimeifuatilia miaka yote, na bado sijasikia sababu inayonitosheleza ya kumwambia kijana wa miaka 18 achague kati ya nchi ya baba na nchi ya mama.

Nyumbani kwetu kuna na ngazi ya pili ambayo Bara hawana. Uraia ni wa Muungano, lakini Uzanzibari una sheria yake, namba 5 ya mwaka 1985. Aliyekuwa raia na mkaazi wa Zanzibar kabla na mpaka tarehe 12 Januari 1964 ni Mzanzibari. Aliyezaliwa hapa baada ya Muungano ni Mzanzibari ikiwa ni raia wa Tanzania na wazazi wake wote wawili, au mmoja wao, ni Mzanzibari. Kwa hiyo mtoto wa mwalimu na nesi wa kutoka Mwanza aliyezaliwa hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, ni Mtanzania kamili, ila kuzaliwa huko peke yake hakumfanyi Mzanzibari. Hapo ndipo kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kinapoingia, na barua ya sheha, na kura. Malalamiko juu ya vitambulisho hivyo yamefuatana na chaguzi zetu moja baada ya moja. Sitaki kuyafukua hapa. Nasema tu kwamba sheha ndiye mtu wa kwanza anayeulizwa mtoto huyu ni wa nani, na sheha anayewajua watu wake na kuandika anachokijua, bila kuangalia mtu kavaa rangi gani siku ya mkutano, anafanya kazi kubwa kuliko mshahara wake.

Watu huniuliza, haya yote ya nini, mbona wazee wetu waliishi bila karatasi? Nawasimulia kesi ya Anudo Ochieng Anudo, iliyo wazi kwa kila mtu kuisoma. Mwaka 2012 alikwenda polisi Babati kwa ajili ya taratibu za kufunga ndoa. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa na paspoti ya Tanzania. Paspoti ikashikiliwa, uraia wake ukatiliwa shaka, na mwaka 2014 akapelekwa Kenya. Kenya nayo ikasema si wake, ikamrudisha. Akawa anaishi kwenye kipande cha ardhi mpakani Sirari, kati ya nchi mbili, bila nchi. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilisema mtu akishaonyesha hati alizopewa na serikali yenyewe, ni serikali inayopaswa kuthibitisha kwamba si raia. Mwaka uliofuata mahakama hiyohiyo ikaamua kesi ya Robert John Penessis, ikasema ana haki ya uraia wa Tanzania kupitia kwa mama yake. Hizi hukumu zinanipa moyo. Pia zinanionyesha kwamba hata mwenye haki huweza kuupoteza ujana wake akiitafuta.

Ndiyo maana nikimwandikia mtu fomu ya cheti cha mtoto namuomba anipe na vyake: cheti chake, cha mwenziwe, hati ya ndoa, kitambulisho. Nalinganisha majina herufi kwa herufi. Ikiwa kwenye ndoa kaandikwa Khamis na kwenye cheti Hamisi, namrudisha akarekebishe kabla hajamtia mtoto katika mkorogo huo. Wengine hukasirika. "Dada, hivyo si vilevile?" Kwa sisi tunaosikia ni vilevile.

Yule mzee wa Kojani sikumwandikia barua aliyoitaka, kwa sababu barua ya kuomba msamaha kwa mwalimu isingemfikisha mbali. Tulikaa tukaisoma sheria. Kifungu cha 10 kinampa Waziri uwezo wa kumpa tajnisi mtoto mdogo wa raia, akiombewa na mzazi au mlezi. Baba wa msichana ni raia wa kurithi. Raia ni raia. Kwa hiyo mlango upo, na utakuwa wazi mpaka atimize miaka 18. Ila ili baba aombe, kwanza yeye mwenyewe athibitishwe kuwa mtoto wa babu huyu, naye alizaliwa kwenye kibanda cha dago bila kuandikwa popote. Tunacho cheti cha kuzaliwa cha mzee na hati yake ya ndoa ya kwa kadhi, ambayo bibi aliihifadhi ndani ya sanduku la nguo. Wazee wawili waliokuwa dago moja na mzee wamekwenda kula kiapo kwamba huyo mwanawe wanamjua tangu kuzaliwa. Kutoka Kwale tunasubiri maelezo ya ile zahanati iliyotoa kadi, yakiwa na jina kamili la baba na la mama. Baba wa msichana amevuka kwenda kuyafuata mwenyewe, na fomu ya maombi ipo kwangu, imeshajazwa kila sehemu isiyosubiri karatasi hiyo.